Nusu ya Kichwa cha Mama

Kampala

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Riziki,

Nakusalimu kwa upendo mwingi, wewe, shemeji na watoto wote hapo Majengo. Habari za mgongo wako? Umepoa, au bado unabeba maji kutoka ziwani kama mtu aliyekula kiapo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui nikuambie nini. Asubuhi nasikia harufu ya makaa ya jikoni kwako, nikifungua macho naona dirisha la watu. Nimewakumbuka, Yaya, mpaka naumwa.

Barua hii nimempa mama muuza vitenge anayerudi Goma. Ndani ya bahasha ngumu kuna picha. Usiifungue kabla hujasoma mpaka mwisho. Lakini nakujua, umeshaifungua.

Uliponiambia siku ya kutoa matanga ya mama inakaribia na hakuna picha ya kuweka mezani, nilisema hiyo ni kazi yangu. Si ndiyo kazi inayonilisha huku, kuchora sura za watu kwenye tableti? Ila ulichonitumia ni ile kadi yake ya uchaguzi tu, maana albamu ililiwa na volkano tukiwa wadogo. Na kadi yenyewe imefifia. Macho yapo, pua ipo, lakini kuanzia paji la uso kwenda juu ni weupe kama unga. Nywele hakuna.

Nilianza kama mjinga. Tableti ina brashi ya nywele iliyo tayari. Unapitisha kalamu mara moja, zinamwagika ndefu, laini, zinang'aa. Wateja wanazipenda. Nikamvisha mama. Ukanirudishia ujumbe wa sauti: "Zawadi, huyu ni mama ya nani? Mama yetu hakukuwaka na nywele ya kuteleza!" Nilicheka mpaka machozi, halafu kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

Mwenye studio ninakofanya kazi, mama mtu mzima asiyecheka ovyo, aliniambia nifute zote. Nywele zetu hazichorwi unywele mmoja mmoja. Unaanza na kivuli chote, kizito, kisha unapachika mwanga kwa viduara vidogo vidogo, unabonyeza na kuachia. Ukingoni usikate kama kofia, acha hewa ipite. Siku tatu nilichora viduara. Kisha nikamsuka mama mistari minane, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, na katikati ngozi ya kichwa ikionekana na mafuta kidogo.

Nikakutumia. Siku mbili baadaye ikaja sauti yako, ya chini: "Ni yeye. Lakini mi siwezi kukuficha tena. Hatukumuzika na kichwa ya hivi. Wakati nilimuosha nilifungua kitambala, nikakuta upande moja imesukwa, ingine hapana. Nilitaka kumalizia akiwa angali muzima, akakatala. Akasema, muache, Zawadi ndiye alianza, Zawadi atamaliza."

Niliweka kalamu chini. Sikufanya kazi siku ile.

Unakumbuka mlima ulipopasuka, tukikaa Murara? Mama alikuwa kwenye kigoda, Mama Sifa jirani anamsuka, nusu tu imekwisha. Watu wakapiga kelele barabarani, akainuka vile vile. Tulikimbia hadi Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wewe umeshika kitenge chake, mimi mgongoni, shavu langu kwenye upande ambao haujasukwa, umejaa majivu. Tuliporudi, nyumba ilikuwa chini ya mawe meusi. Tangu hapo akaweka sheria yake: anayeketi kigodani hainuki mpaka kichwa kiishe. "Mulima ilinikuta nusu-kichwa," alisema, "haitanikuta tena." Hata mgeni akibisha hodi, angoje nje.

Sasa nikuambie nisichowahi kukuambia. Siku niliyoondoka wewe ulikuwa sokoni. Waasi walikuwa wameshakaribia Sake, na mabomu tuliyasikia kama mtu anayesogeza makabati nyumba ya pili. Nilimsihi tuondoke wote. "Nyumba moja nilimuachia mulima," akasema. "Hii siachii mutu." Akaketi kigodani, akanipa kitana, kana kwamba ni Jumamosi yoyote. Upande wa kulia nikaumaliza, mistari minne. Ndipo yule wa pikipiki aliyekuja kunichukua akapiga honi nje, akisema mpakani panafungwa mapema leo. Nikasema, "Mama, nitamalizia nikirudi." Hakunigombeza. Alifunika upande wa kushoto kwa kiganja, akasema, "Basi, nakungoja."

Mimi ndiye niliyevunja sheria yake, Yaya. Wiki mbili baadaye mji ukachukuliwa, presha ikampanda, hospitali zimejaa majeruhi, njia zimefungwa, nami mama yangu nikamzikia kwenye simu.

Nilifikiri nichore nusu ile ile, kwa kuwa ndiyo kweli. Niliichora hata. Mwenye studio aliisifu, akataka kuitundika ukutani. Nikakataa. Mama asingekubali kukaa mbele ya wakwe na wanakwaya na nusu kichwa.

Basi nikarudi kwenye picha ya mistari minane, nikafuta mistari yote ya kushoto niliyokuwa nimeichora bila kujua, nikaanza upya. Tableti inaweza kunakili upande wa kulia na kuugeuza kwa kugusa mara moja. Sikuigusa. Niliiweka mapajani, pale mama alipokuwa akilaza kichwa, nikasuka kwa kalamu, mstari mmoja mmoja, pole pole. Ule wa karibu na sikio umepinda kidogo, nimeuacha. Si alikuwa akinicheka kwamba mistari yangu ya sikioni hulewa? Ahadi ni deni.

Nisalimie shemeji na watoto, uwaambie mama yao mdogo hajasahau jina la hata mmoja. Msalimie Mama Sifa na mikono yake iliyomsuka mama. Na mama mdogo wa Lac Vert, kama barabara inapitika.

Siku ya matanga, wewe uliyemwosha ndiye umweke mezani. Watu wakishaketi, mguse upande wa kushoto, umwambie Zawadi amemaliza. Anaweza kuinuka sasa.

Mdogo wako anayekulilia,
Zawadi