Ukingo wa Mwisho wa Ziwa la Mama

Kaka yangu mpenzi Sefu,

Assalaam alaikum warahmatullah. Kwanza nakuuliza hali. U mzima? Kile kifua chako kilichokuwa kikikubana kila masika kimekuacha, au bado kinakusumbua? Huko Tanga unapata wa kukuchemshia maji ya tangawizi? Mimi mwili wangu mzima, namshukuru Mola, na jamaa wote wa hapa wanakusalimu, wanaokukumbuka sura na waliobakiwa na jina lako tu.

Barua hii sikuitia gundi. Nyumba unayokaa siijui. Barua yako ya mwisho inatimia mwaka wa tatu, na ndani yake hukuandika mtaa, uliandika msikiti unaosali. Basi naituma msikitini, na yeyote akujuaye aifungue akusomee, hata mbele za watu. Hakuna neno ndani yake ambalo nitaona haya kulisikia likisomwa.

Kaka, Musa amefariki. Mume wangu. Aliumwa homa siku tisa, na asubuhi ya siku ya kumi aliomba uji, na uji ulipokuwa tayari hakuwepo wa kuunywa. Mungu amrehemu. Sasa niko ndani ya eda, mwezi wa nne. Wewe unajua eda ilivyo: nyumba, ua, kisha nyumba tena. Sitoki. Silalamikii amri ya Mungu, wala usidhani nimechoka kumlilia mume wangu. Lakini zipo siku naona kuta zinanisogelea, nami nasimama katikati ya chumba nikiwa sijui nilikuwa nakwenda wapi, na kumbe sina pa kwenda.

Kinachoniweka ni ziwa. Kwenye ua wa makuti, upande wa bondeni, pana tundu kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Baada ya sala ya alfajiri naweka jicho pale. Naona kipande cha maji, mayungiyungi machache, na tete moja ambalo mdiria hupenda kulikalia akitazama samaki. Kukuziwa ana vifaranga vitano, au sita, maana havitulii nikavihesabu. Visivyofika tunduni navijua kwa masikio. Popo wa kwenye mkuyu huanza kugombana alasiri, kama wake wenza. Yangeyange wakiruka wote pamoja najua kenge anapita. Mtu anayetembea nje hasikii vitu hivi. Nilikaa ubavuni mwa ziwa hili miaka arubaini na kitu, na nimekuja kulijua sasa, nilipofungiwa.

Unamkumbuka mama alivyotufundisha? Mtu asitie mguu majini bila kupiga hodi. "Mna wenyewe mle," akisema, "na nyinyi ni wageni." Baba naye, kwa vile alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, hakupenda. "Maji hayapigiwi hodi. Semeni bismillahi." Sisi tukaogopa kumuudhi mmoja wao, tukawa tunasema yote mawili, hodi kwanza kisha bismillahi, na wewe siku moja ukaongeza, "Na kama hamtaki, semeni." Nilicheka mpaka mtungi ukaniponyoka. Ulikwenda kujishitaki kwa mama kuwa wewe ndiye uliyeuvunja.

Na ile Ijumaa ya ulimbo. Kuyu zilikuwa zimeiva, na ninga, wale njiwa wa kijani, walijaa juu ya mti hata majani yakawa kama yanatembea. Ulichemsha utomvu wa fenesi ukaupaka vijitini, tukavifunga matawini, kisha baba akaita, twendeni Ijumaa. Hukuthubutu kumwambia kuwa umetega. Mkaenda mpaka msikiti wa Ole kwa miguu, na mimi nikabaki kumsaidia mama jikoni, nikasahau. Uliporudi uliniita kwa sauti ambayo sijaisikia kwako tena. Ninga saba. Watano wamekufa, wananing'inia kwa mbawa, sisimizi wameshawafikia. Wawili wanapapatika, na kila wakipapatika ulimbo unawashika pengine.

Baba alisimama akawatazama. Hakukupiga. Alisema, "Hawa si kitoweo tena, ni mizoga. Umekwenda kumsujudia Mungu na huku nyuma umewafunga viumbe vyake juani." Kisha akaingia ndani. Ulikaa chini na wale wawili, na mafuta ya nazi na jivu, unawasafisha unyoya mmoja mmoja mpaka alasiri. Mmoja alikufia mkononi. Yule mwengine ulimwambia, "Tulia we. Ukipapatika unajimaliza mwenyewe." Akatulia, wallahi alitulia, na alipoachwa akaruka mpaka ng'ambo ya ziwa. Hukutega tena maisha yako.

Siku hizi nikianza kuzunguka chumbani najiambia maneno yako yale. Mara nyengine hunifaa.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mchele hakuna, kaka. Sijui huko kwenu, lakini hapa tangu vita vya Wazungu vikaze ule mchele wa Bara Hindi hauji, na ukija ni wa kugawiwa kwa vibaba. Watu wanakula muhogo asubuhi, muhogo jioni. Wakubwa wanahimiza kila penye bonde palimwe. Hamadi, mdogo wake Musa, unamjua, ana watoto saba. Basi anataka kulitoa maji ziwa la mama alifanye bonde la mpunga. Amekuja akasimama nje ya ua, akakohoa kwanza, maana ni mtu wa adabu.

"Hodi shemegi. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, shemegi. Watoto?"

"Wapo. Wanauliza wali kama wanaouliza Idi. Shemegi, nimeanza mfereji kule chini. Usije ukasikia majembe ukafazaika."

Nikamwambia, "Lile ziwa si la Musa ukasema sasa ni lenu. Ni la mama yetu. Langu fungu moja, la Sefu mawili."

"Najua. Na Sefu ndiye alonipa ruhusa. Siku anaondoka alinambia, Hamadi, lile dimbwi lifanye utakavyo."

"Alikwambia mbele ya nani?"

"Mbele ya marehemu kaka."

Sefu, fikiri mwenyewe. Shahidi wa pekee ni mume wangu, na mume wangu yuko chini ya udongo. Miaka yote ile tulikaa pamoja, akijua ninavyolipenda ziwa, akinikatia matete kwa mikono yake, na hakunambia? Au hakuna alichokisikia, na Hamadi kwa njaa ya wanawe anakumbuka lisilokuwepo? Kumuuliza Musa siwezi. Kutoka nikasimame kwa sheha siwezi. Na hata ningetoka, fungu moja halisemi mbele ya mafungu mawili.

Tena kuna jambo sikumwambia Hamadi. Siku ile ya kuondoka kwako, arubaini ya mama imekwisha juzi yake, mimi nilikuwa nachoma mikate ya kukufungia. Niliwaona wanaume watatu, wewe, Musa na Hamadi, chini ya mkuyu, mmeipa nyumba mgongo. Wewe ulikuwa unanyoosha mkono kwenye maji. Nikasema moyoni nitamuuliza anaonyesha nini. Ukaja kuchukua mikate, nikakwambia, "Kaa japo mwezi, Sefu." Ukajibu, "Nikae na nini? Hapa pana nini zaidi ya vyura?" Neno lile lilinichoma, nikakupa kifurushi chako bila kuuliza kitu. Sasa nimekaa ndani nalirudia. Mtu aliyesema vile anaweza kuwa alisema na hili.

Bi Time, jirani yetu wa mlango wa pili, huja kila siku kunipa habari za nje. Jana amenikuta jicho liko tunduni. "We Mwanakombo," akasema, "hebu nambie kweli, unamlilia mume au unawalilia kukuziwa?" Nilicheka, na kicheko hakikufika mwisho kikageuka kilio, naye akanishika kichwa akaniacha nilie. Kisha akanambia, "Lakini wale watoto wa Hamadi, Bi, matumbo yao ushayaona?" Nimeyaona. Yule mdogo wao huletwa kwangu, huketi miguuni pangu akalamba sahani ya kisamvu mpaka ikang'aa. Nampenda kama niliyemzaa, maana Mungu hakuniruzuku. Nikimtazama yeye nataka mpunga. Nikirudi tunduni nataka ziwa. Katikati ya mambo hayo mawili ndipo ninapolala na kuamka.

Hamadi si mtu mbaya. Amenambia ataufikisha mfereji mpaka ukingoni, na ule ukingo wa mwisho hataukata mpaka nitoke eda, kwa heshima ya marehemu, au mpaka lije neno lako, lolote litakalotangulia. Zaidi ya hapo hawezi, kwa sababu mvua za mpunga hazimngoji mjane. Majembe nayasikia. Mwanzo yalikuwa mbali kama mtu anayetwanga nyumba ya tatu. Leo nimesikia mpaka pumzi za wachimbaji. Hakuna aliyepiga hodi.

Basi sikwambii ukatae, wala sikwambii ukubali. Nakuomba kweli tu. Ulisema au hukusema? Kama hukusema, niandikie hivyo, nami nitaipitisha karatasi yako kwenye tundu la ua, Hamadi aichukue mwenyewe asome. Nitawakatia yeye na wanawe lile shamba langu la muhogo la juu, lote, na ziwa libaki. Na kama ulisema, niandikie pia. Usiogope kuniumiza. Nitanyamaza, nitamsamehe Musa ukimya wake kabla sijatoka ndani, maana sipendi kuimaliza eda yake nikiwa na kinyongo naye. Hilo ndilo linalonibana kuliko kuta, kaka. Namlilia mtu ambaye sijui kama alinificha.

Mimi nakuombea kila baada ya sala, kwa jina, wewe na kifua chako. Wala lile neno la vyura sikuliwekea chuki. Nimelitaja kwa kuwa nimechoka kulibeba peke yangu.

Siku zangu za ndani zimebaki thelathini na sita. Nikitoka, njia yangu ya kwanza itakuwa kuteremka bondeni, na ninataka nijue mapema nakwenda kuona nini. Tafadhali nijibu upesi.

Mimi nduguyo wa tumbo moja, niliyebaki nyumbani,

Mwanakombo