Kabla Nafula Hajafunikwa

Butali

Mama,

Nafula wangu amekufa. Ni mapafu. Tumeshazika. Simu yako haishikangi, ndiyo naandika. Sasa nakusalimia. Magoti yako iko aje? Sisi tuko, watoto wanakula.

Kuzika kulikuwa na shida. Unajua mke hafunikwi sanduku kama watu wa kwao hawajaona uso. Na ndugu zake walihama kutoka Matungu zamani, wakatawanyika. Namba zao zilikuwa kwa simu ya Nafula, na hiyo simu iliingia maji akiwa mgonjwa.

Ukoo wao wanaandikiananga kwa imeli. Unatuma moja, inafikia wote. Nikaenda saiba, kwa kompyuta za kulipia, msichana wa hapo akaniandikia: Nafula amekufa, pigeni hii namba haraka. Kimya. Nikatuma tena. Siku tatu, mara saba. Kimya.

Watu wa hapa wakaanza kusema shemeji zangu wamenidharau, nizike tu. Nikakataa. Nikasema akae mochari hata mwezi.

Nikapanda boda mpaka Matungu, kwa mwalimu mzee wa ukoo wao mwenye anachunganga hiyo imeli. Nikamkuta anapalilia mahindi. Akafungua simu yake, akanionyesha. Barua zangu zote zilikuwa kwa takataka. Wezi walikuwa wanatumanga matanga ya uongo na namba ya simu ya kuchangiwa pesa, sasa wakaweka mashine ichuje. Yangu ikafanana na ya wezi. Na kila nikirudia, mashine inazidi kuamini mimi ni mwizi. Hakuna mtu alikuwa amesoma hata moja.

Mwalimu akaniomba msamaha, jembe bado iko mkononi. Nikamwambia mashine yake haijawahi kufiwa. Akapigia Barasa hapo hapo, yule ndugu mkubwa wa Nafula.

Barasa akakuja Ijumaa na wenzake wawili. Mama, niliogopa. Nilijua atanishika shati. Akasimama kwa sanduku, akaangalia sana. Akaniuliza nani alimfunga kitambaa kichwani. Nikasema ni mimi.

"Shemeji, ulimtunza," akasema. "Funika sasa."

Nikafunika. Tangu hiyo siku nalala.

Salimia dada Rispa mwenye anakupikia, na baba mdogo mwenye anakupasuliaga kuni. Waambie hakuna ubaya na watu wa Nafula, wasiongee vibaya. Wewe usilie sana, kichwa itauma.

Ni mimi mtoto wako Makokha. Kesho narudi kukata miwa.