Shabani Anakuja Kwenu na Mjomba Wake

Mikindani,
12 Novemba 1954

Mpendwa wifi yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum. Hujambo, na mguu wako unaendeleaje? Mama mkwe bado anaamka mwenyewe kwenda kutawadha? Sisi wazima, alhamdulillahi, ila kichwa changu leo hakijui mbele wala nyuma.

Barua hii utaipokea mkononi mwa mwanangu Shabani. Utamtambua kwa paji la uso la marehemu kaka yako. Aliyefuatana naye ni kaka yangu Salumu wa Mpapura, mjomba mwenye kauli. Usimpe pweza; atamla kwa adabu, kisha augue. Korosho alizobeba ni zako, asikudanganye kuwa ni chakula chake cha njiani.

Nimewaeleza habari za kisiwa chenu cha Ngazija kama mzaliwa wa huko, mimi ambaye sijavuka hata mto Ruvuma. Nimewaambia mlima wenu unatoa moto, wasiuogope, na maji yenu ni ya mvua, wasiyachezee. Ndoa ikipita, warudi na Salma, huyo binti wa jirani yako. Chumba chao nimekwisha kukipiga chokaa.

Jana akaja baharia Mngazija kuniamkia. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama Shabani, kwetu binti hatoki! Baba'ke kamjengea nyumba, mume ndiye anayeingia."

Wifi, nimechanganyikiwa. Si ndiyo desturi yetu sisi Wamakua? Marehemu alipohamia kwangu nilidhani kwenu mke ndiye anayehama, na yeye amefuata mila zetu kwa kunipenda. Kumbe alifuata za kwenu! Miaka ishirini na mitatu hakusema neno. Namkasirikia, naye hayupo wa kumkasirikia.

Nikaenda kumzuia Shabani. Nikamkuta anakunja kanzu, anatabasamu peke yake, nikajifanya natafuta sindano. Salumu nikimwambia kuwa mpwa wake atabaki huko, atavunja safari papo hapo. Nimwambie? Nisimwambie? Jumatatu wanaondoka.

Tena nimekumbuka mama mkwe aliniandikia mara tatu akiuliza mwanawe atarudi lini. Sikumjibu hata mara moja. Niliona ananisumbua. Msomee hapa polepole, karibu na sikio, umwombe anisamehe.

Nisalimie shemeji na watoto wote, na Salma pia, mwambie namtakia heri. Mungu awape baraka nyumbani mwenu, na wasafiri wangu awafikishe.

Shabani akikaa, mpokeeni. Ila nikiandika kuuliza atarudi lini, nijibu, wifi yangu, hata kwa uongo.

Wifi yako akupendaye kwa dhati,
Halima