Kwa Nini Hatukukungoja

Kigwa,
kwa njia ya Misheni, Tabora.
26 Oktoba, 1952.

Mpendwa kaka Hilari,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Kimamba, na kile kidonda cha mguu ulichopata kwa kuchomwa na mkonge kimekauka. Sisi huku ni wazima wa mwili, tunashukuru. Mvua bado. Wapwa zako, wanangu, wanakuamkia.

Barua yako nimeipata jana. Umeuliza kwa nini tulimzika mama bila kukungoja, ukaandika kwamba tumekufanya mgeni kwenye nyumba ya mama yako mwenyewe. Nimeisoma mara tatu. Sikukasirika, kaka. Hata mimi ningeuliza.

Mama alishikwa na kichomi Jumamosi. Jumapili Bi Batuli, shoga yake wa tangu usichana, akafika kwa treni kutoka Tabora, na tangu hapo hakuondoka kitandani pake. Jumatatu mama alinishika mkono akasema, "Nikifa, Batuli ndiye anioshe." Jumanne asubuhi akafariki. Niliacha watu wakilia, nikaenda stesheni mwenyewe kukuletea simu ya maandishi. Leo najua kwamba simu hiyo ililala ofisini kwenu hadi Ijumaa kwa kuwa wewe ulikuwa kambi ya mbali. Wakati ule hatukujua.

Niliporudi nikakuta ugomvi. Mama Marcelina, mkubwa wa akina mama wa kanisa, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mkristo aoshwe na Mwislamu? Katekista atasema nini?"

Bi Batuli alikuwa ameshachukua mtandio wake aende zake. Nilimshika nikamwambia Mama Marcelina, "Mama mwenyewe ndiye aliyesema. Kama hutaki, ingieni wote wawili." Wakaingia. Mmoja alimimina maji, mwingine akaosha. Walipotoka, Mama Marcelina alikuwa amelowa machozi.

Sasa nikuombe radhi kwa jingine. Zile mbao za mninga ulizoacha kwa ajili ya mlango wa nyumba yako, ndizo tulizotengenezea jeneza. Mbao nyingine hazikuwepo, na sikutaka mama azikwe na mkeka peke yake.

Mjomba Mayala alitaka tungoje treni ya Alhamisi. Jumatano asubuhi nilikwenda tena stesheni kuuliza jibu lako, karani akatikisa kichwa tu. Unalijua joto la Oktoba. Niliingia mama alipolala, nikatoka, nikamwambia mjomba tuzike leo.

"Hilari akija akakuta kaburi, nani atamjibu?"

"Nitamjibu mimi."

Ndiyo sababu unaona mwandiko wangu hapa, si wake.

Padre alikuwa safarini, kwa hiyo katekista Anton ndiye aliyesali. Alipomaliza akauliza ni nani atakayetia udongo wa kwanza mahali pa mwana mkubwa. Mjomba akanitazama. Ndipo Bi Batuli akatoka nyuma ya wanawake, akasema, "Mimi nilimnyonyesha Hilari miezi minne, mama yake alipokuwa hoi. Mkono wangu utatosha." Mama Marcelina ndiye aliyesogea kumpisha. Udongo wako ulitangulia, kaka, kabla ya wangu.

Watu watakuambia mama alikata roho akikuita. Usiwaamini. Hakumwita mtu, alikuwa hajitambui tena. Lakini Jumapili alipata nafuu kidogo, akatusimulia siku ulipoingia ndani ya kihenge cha mtama ukalala humo, kijiji kizima kikikutafuta hadi mtoni. Bi Batuli alimkataza asijichoshe. Hakusikia. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, kisha akaanza tena kuanzia pale alipoachia. Hayo ndiyo ninayoweza kukupa, na ni ya kweli.

Misa ya arobaini itasomwa Jumapili, tarehe 23 Novemba. Omba ruhusa mapema. Msalaba tumeusimamisha, lakini haujaandikwa kitu. Mjomba alishaleta msumari wa moto aandike jina, nikamwambia auweke kando. Mwandiko wako ni mzuri kuliko wa sisi wote, na mama alikuwa akijivunia hilo mbele za watu. Njoo umwandike.

Mjomba Mayala anakusalimu sana. Amenuna kidogo, atapoa akikuona. Bi Batuli bado yuko nami, anasema hataondoka mpaka ufike. Mama Marcelina naye kasema nisimsahau. Nisalimie Alois na Wanyamwezi wenzetu wote wa kambini.

Mungu akulinde huko na njiani, akufikishe salama.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja, nikupendaye hata ukinikasirikia,

Flavia