Troli Yangu Ina Chipu

Jumatatu, 3 Machi
Mitungi ya oksijeni kabla ya chai. Wodi ya wanaume, wodi ya watoto, kisha maternity wanakojifungulia. Gurudumu la mbele la troli yangu bado linalia. Mgongo pia.

Mafundi wa Nairobi wamemaliza kubandika vidude. Kila troli, kila kiti cha magurudumu, kila mashine imepata chake, cheupe, kama kifungo cha koti. Ndani kuna chipu na betri. Kinatoa mawimbi ya redio, visanduku vya juu ya milango vinayasikia, na skrini ofisini kwa Sista Mwende, msimamizi wa manesi, inaonyesha kitu kiko wapi. Wagonjwa waliolazwa wanavaa mkanda wa aina hiyo mkononi, mtu asipewe dawa ya mwenzake.

Ni kitu kizuri, sikatai. Hapa kila wodi huficha mashine zake nzuri kabatini, chini ya mashuka, zisiazimwe. Nimeona mtoto wa Makindu akihema kama mbwa huku mashine aliyoihitaji imelala chini ya blanketi ng'ambo ya ukuta.

Sisi vibarua hatukupewa kitu. Troli ikipotea itatafutwa.

Jumanne, 4 Machi
Aliyechaguliwa kukaa na skrini ni Kioko. Kioko aliyefika juzi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mtungi usimponde vidole.

Amemaliza fomu foo, mimi niliishia darasa la saba. Ni mtu wa hapa Kibwezi, analala kwake na mkewe. Mimi kwetu ni Bungoma, kwa Waluhya, nimeisahau hata harufu yake.

Anajaribiwa mwezi mmoja. Akiweza, ataandikwa kazi ya kudumu, na kadi ya matibabu ya familia. Nafasi ni hiyo moja. Niliiombea miaka.

Namwonea wivu. Nimeliandika, basi.

Ijumaa, 7 Machi
Kioko amepewa koti la kijivu lenye mifuko. Analipiga pasi.

Kichwa kinauma. Jua tu.

Jumapili, 9 Machi
Mke wangu, Mama Nekesa, amepiga simu kutoka nyumbani. Swali la kwanza, kabla ya salamu kuisha: "Wamekuandika?" Nikamwambia bado wanaangalia. Binti yetu Nekesa anakohoa tena. Kadi ile ingewatosha yeye na mama yake.

Sikuenda kanisani. Nilitetemeka kitandani na jua likiwa nje.

Jumatatu, 10 Machi
Zamani kitu kikipotea Sista Mwende alisimama koridoni akaita, "Baba Nekesa!" Nami nilikitoa kilikofichwa. Leo kiti cha magurudumu kimepotea. Akaita Kioko. Kioko akatazama skrini, akasema kiko eksirei. Kilikuwa eksirei. Sista akampiga begani.

Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo. Hakuna aliyenitazama.

Baada ya chai nimebandua kidude cha troli yangu kwa kisu cha mkate. Nimekitia mfuko wa suruali.

Jumanne, 11 Machi
Siku tamu. Nimeiacha troli maternity, nikaenda jikoni kunywa chai. Mara Kioko huyo, anahema.

"Baba Nekesa, troli iko wapi? Skrini inasema iko hapa."

"Labda iko kwenye sufuria. Funua."

Wapishi wakacheka mpaka mmoja akamwaga uji. Baadaye akanifuata chooni pia. Aligonga mlango, akauliza kama nimeingia na troli.

Sista Mwende alimkaripia mbele ya watu. Alisema mitambo hii imenunuliwa ghali na yeye anaichezea. Kioko akainamisha kichwa. Nilifurahi. Sitajidanganya.

Jambo moja tu. Nyanya mmoja wa Kilungu, nyonga imevunjika, alilala sakafuni akingoja hiyo troli. Alikuwa anauma kona ya leso yake asilie. Nilimwona. Nikapita.

Jumatano, 12 Machi
Homa. Magoti hayanibebi. Kupima naogopa. Kibarua akilala siku moja, kesho yake kuna mwingine langoni.

Yule nyanya hanitoki. Kesho nakirudisha kidude.

Jumamosi, 15 Machi
Naandikia kitandani. Wodi ya wanaume, karibu na dirisha. Ndiyo, mimi. Mkanda mkononi.

Ni malaria, ilikuwa imeanza kupanda kichwani. Alhamisi nilienda nyuma ya nyumba ya kufulia nikae kivulini kidogo. Nakumbuka mashuka kwenye kamba. Basi.

Troli ilikuwa imebaki wodini. Lakini kwenye skrini ilikuwa nyumba ya kufulia, na haisogei. Kioko akaja na hasira zake, safari hii aikamate. Akanikuta mimi, uso chini, povu mdomoni. Alinibeba mgongoni, koti la kijivu na vyote.

Manesi wote wanasimulia. Kioko amemwokoa Baba Nekesa. Kioko hivi, Kioko vile. Hata kuanguka kwangu kumempa sifa yeye. Dripu iko mkononi na bado naona wivu. Sikujua wivu una nguvu hivi.

Suruali yangu iko chini ya kitanda. Mfuko hauna kitu.

Jumapili, 16 Machi
Kioko amekuja na muthokoi wa mkewe, mahindi na maharagwe laini. Amengoja nimeze ndipo akasema.

"Nilikipata mfukoni mwako. Nimekirudisha kwa troli na gundi ya supaglu. Ukikitoa tena, kitatoka na rangi."

Nikamuuliza kama amemwambia Sista.

"Nimwambie nini? Kwamba nilitafuta troli nikapata Mluhya?"

Amecheka peke yake. Ameosha bakuli, akaondoka. Afadhali angenishtaki. Ningemchukia kwa raha.

Jumatatu, 17 Machi
Sista Mwende amekuja kuketi pembeni ya kitanda. Hajawahi kuketi. Amesema wakubwa hawamwamini Kioko tena, siku tatu troli ilionekana mahali isipokuwepo. Kioko alipoulizwa alisema labda hajaijua mitambo vizuri. Wanafikiria wampe nafasi mtu wa siku nyingi, masomo si kitu, atafundishwa.

Aliniangalia. Nilielewa.

Nilisema nitafikiria. Nilifikiria kadi ya matibabu, kifua cha Nekesa. Koti la kijivu, niliwaza hata hilo. Lingenitosha.

Jumanne, 18 Machi
Nimemwambia Sista. Kisu cha mkate, mfuko, nyanya wa Kilungu, yote.

Akauliza, "Kwa nini, Baba Nekesa?"

Nikasema, wivu.

Aliondoka. Nililia kidogo, nimegeukia ukuta. Si kwa kutubu. Kwa ile nafasi.

Ijumaa, 21 Machi
Nimetoka. Kioko ndiye aliyekata mkanda, ni kazi yake sasa, wamemwandika. Alinipa mkono. Niliupokea.

Mimi sikufukuzwa. Niliitwa ofisini, nikaambiwa maneno ambayo sitayaandika. Nabaki kibarua.

Nimempigia Mama Nekesa. Nimemwambia nafasi amepata mtu mwingine. Akauliza ni mtu gani. Nikasema ni yule aliyenibeba.

Jumatatu, 24 Machi
Mitungi kabla ya chai. Nimelipaka gurudumu mafuta, halilii tena. Kidude kimeng'ang'ania kwenye supaglu.

Yule nyanya yuko kitandani, mguu umefungwa uzito wa kuuvuta. Nilipopita aliomba nimsogezee maji. Nilimsogezea. Hanijui.

Mlangoni mwa maternity nilisimama chini ya kisanduku, bila sababu. Kupitia dirisha la ofisi ya Sista, mkabala, nikamwona Kioko anatazama skrini, kisha akainua kichwa kunitafuta. Akapunga mkono.

Wivu bado upo. Nimepunga pia, nikaisukuma troli.