Sherehe ya Kauboi ya Limi

Jumatatu, 15 Julai
Asubuhi yote kupiga pasi vitambaa vya harusi ya juzi. Kimoja kimeungua pindo. Nimekikunja upande ulioungua uwe ndani.

Akaingia mchimbaji, tope jekundu mpaka magotini, ndala kaziacha mlangoni. Baba Limi. Binti yake anatimiza miaka saba Jumamosi na anataka sherehe ya kauboi. Kaona kwenye katuni. Nimepamba harusi, kipaimara, hata maulidi. Kauboi, sijawahi. Nilikuwa nishafungua mdomo kukataa, akakunjua karatasi. Kachora kila kitu kwa penseli: uzio, farasi, kofia, mpaka meza ya keki. Anachora kunishinda. Nimekubali.

Jumanne, 16 Julai
Kofia za maboksi. Nimekata kumi na moja, saba ndizo zinazofanana na kofia.

Alasiri Baba Limi kamleta binti yake nimpime kichwa. Mtoto mkimya. Shikamoo yake husikii mpaka uiname. Nywele kasukwa twende kilioni, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Nikamuuliza nani kamsuka. "Baba," akasema. Nikageuka nikidhani anamwita. Kumbe ananijibu.

Baba akanieleza: mama yake alifariki mwaka jana akijifungua. Kichanga nacho hakikupona. Sikujua. Nimejisikia vibaya kuuliza.

Jumatano, 17 Julai
Umeme hakuna. Gundi imekauka kwenye kopo.

Baba Limi kaleta matimba, yale magogo wanayozuia nayo duara, shimo lao la kuchimbia, lisiwaporomokee. Kazungushia uwanja wake uzio wa kauboi, kisha katengeneza farasi: tumbo gogo, mkia katani. Kila kiungo kakifunga kamba. Msumari hata mmoja hakutumia. Nikamtania kwamba farasi atamdondosha mtoto. Akapanda mwenyewe, mtu mzima, akaruka juu yake mara tatu. Hakikutikisika kitu.

"Kamba ndiyo inayonishusha chini, Mama Shabani. Siwezi kujifunza kuifunga vibaya."

Sijaona mikono yenye akili namna hii.

Alhamisi, 18 Julai
Leo nimejua, na nimekasirika. Mama mkwe wake anafika kesho kutoka Kishapu. Sherehe ikiisha anaondoka na Limi moja kwa moja. Wakwe wanasema mtoto wa kike hawezi kulelewa machimboni na mwanamume peke yake, tena anayeshinda chini ya ardhi.

Kwa nini hakuniambia Jumatatu?

"Ungeogopa," akasema. Kweli. Sasa naogopa. Nikamuuliza kama anawachukia. Hapana, hajaona walipokosea sana. Anataka tu waone kwanza jinsi wanavyoishi, yeye na mwanawe.



Ijumaa, 19 Julai
Bibi amefika. Mrefu, mkavu, Kiswahili anakitumia pale Kisukuma kinapogoma. Nikajitutumua kumwamkia kwa Kisukuma: mwangaluka mayu. Akaitikia, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Wewe ndiye unayempikia mtoto?"

Nikamwambia hapana, mimi ni mpambaji tu.

"Nani anampikia?"

"Baba yake."

Akaingia jikoni, akafunua sufuria moja moja. Nikabaki nje na maputo yangu kama mjinga.

Jumamosi, 20 Julai
Niandike kama ilivyokuwa.

Saa nne turubai limesimama, kitambaa cha nyuma nimekibandika nyota na kwato za farasi, watoto wameanza kuingia. Saa nne na nusu upepo wa kisulisuli. Uliingia uwanjani kama mtu aliyealikwa. Turubai likapaa mpaka kwa jirani. Maputo yakapasuka yote kwenye uzio. Keki ikawa nyekundu kwa vumbi. Nikakaa chini nikalia, mimi, mwanamke mzima, mbele ya watoto wa watu.

Baba Limi hakulikimbilia turubai. Hakuitazama keki. Alikwenda kwa mwanawe, aliyekuwa amesimama kaziba macho, anatetemeka. Akamfuta uso kwa khanga yenye maji. Upepo ulikuwa umemfumua nywele upande mmoja. Akamkalisha kwenye kigoda, akakaa nyuma yake, akaanza kumsuka upya. Taratibu. Wageni wote tumesimama tunamtazama. Limi akaacha kutetemeka kabla mstari wa pili haujaisha.

Bibi akasogea karibu kabisa.

"Nani kakufundisha kusuka?"

"Marehemu, Mama. Ile mimba ya mwisho mikono ilikuwa inamfa ganzi. Akawa ananielekeza, mimi nasuka."

Bibi akainama, akaushika msuko mmoja, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho.

"Mimi ndiye niliyemfundisha yeye," akasema.

Akaenda kusimama nyuma ya nyumba, peke yake. Aliporudi alikuwa na kitambaa changu cha nyota mkononi. Akakifunga kwenye uzio, ambao ulikuwa umesimama vilevile, na farasi vilevile. Nikainuka nikamsaidia. Baba Limi akakata keki ngozi yote ya juu, ndani nyeupe. Watoto wakapanda farasi kwa zamu. Limi alipanda mara nyingi kuliko wote. Alipiga kelele kubwa ya furaha mpaka baba yake akageuza uso.

Jumapili, 21 Julai
Baba Limi kaja kurudisha vitambaa, kavifua na kavikunja. Bibi ameondoka asubuhi, peke yake. Limi atakwenda Kishapu likizo ya Desemba, atarudi shule zikifunguliwa. Alinisimulia kwa maneno machache, mlangoni, akitazama chini.

Kesho anashuka duarani. Nikamwambia mtoto akitoka shule aje hapa, akae mpaka yeye baba atakapopanda juu. Akasema sawa, asante.

Nimesogeza meza ya kukatia karibu na dirisha. Limi atahitaji mwanga wa kuandikia.