Mpaka Tangini Tu

Jumamosi, 1 Februari

Nimenunua baiskeli! Ya milimani, mkweche, ya kijani, imechubuka ubavu mmoja. Ya kwanza kuwa yangu mwenyewe, na umri wangu huu. Aliyeniuzia ni mwalimu anayehama. Anasema haijawahi kumwangusha. Alisema hivyo huku anatazama pembeni.

Sababu ni mbili. Kwanza kazini — dakika hamsini kwa miguu, nimechoka. Pili Mama. Anaishi kwa Dada, upande wa pili wa mlima. Kwa lami ni kuzunguka nusu siku. Kwa njia ya mlimani ni kilomita kumi na moja.

Mara ya mwisho nilienda Agosti. Mama alinitazama muda mrefu, kisha akamuuliza Dada kama mgeni amepewa chai. Jioni ndipo akaniita jina langu, kwa furaha, kama vile nimeingia dakika ile. Sijarudi tena. Dada anasema njoo kabla halijapotea kabisa hilo jina.

Leo nimempigia: nitakuja kila Jumamosi, nina usafiri. Akasema sawa, atamwambia Mama.

Jumatatu, 3 Februari

Kazini kwa baiskeli. Dakika kumi na nane! Nimefika na tope mgongoni, mstari mmoja ulionyooka, toka kiunoni mpaka kwenye kola. Dada wa mapokezi alicheka mpaka akakaa chini. Bosi hakucheka. Sisi tunasaga vioo vya miwani. Chembe moja ya mchanga kwenye kitambaa na kioo cha mtu kimekwisha. Ameamuru baiskeli ilale kwenye korido ya nyuma, na mimi nije na shati la pili.

Kiti kinauma. Sitaandika zaidi ya hapo.

Jumamosi, 8 Februari

Nilitoka saa mbili asubuhi kwenda kwa Mama. Pale lami inapoishia, mita mia mbili tu juu ya kokoto, gurudumu la nyuma likaanza kucheza. Linazunguka, mimi nimesimama. Nilishuka nikazitazama tairi. Hazina meno hata moja. Nikageuza.

Nimemwambia Dada: tairi. Akasema pole. Mama alikuwa ameshavaa.

Jumanne, 11 Februari

Fundi wangu ana kibanda nyuma ya kituo cha mafuta. Wanamwita Spoki — mrefu, mwembamba, amepinda kidogo. Alibonyeza tairi kwa dole gumba kama anayechagua parachichi. "Anti, hizi zina kipara. Hizi za kwendea harusini."

Ameweka za meno, nene, na tyubu mpya. Pia madigadi mawili ya kuzuia tope, kwa heshima ya Bosi. Nilimuuliza kama meno hayatanichelewesha kwenye lami. Yatakuchelewesha, akasema, na yatavuma kama nyuki. Chagua unakwenda wapi. Nikasema kote kuwili. Akasema basi weka upepo mwingi siku za kazi, Jumamosi punguza. Tyubu ya zamani amenirudishia, eti mpira mzuri hautupwi. Nimeikunja nikaitia kwenye mkoba.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefika tangini! Ndiyo kileleni: tangi la maji la saruji, limezungushiwa waya. Nusu nilipanda, nusu nilisukuma. Tairi zinauma ardhi vizuri, sina lawama.

Kutoka tangini unaliona bati la Dada, la buluu, na kipande kimoja cheupe kilichoongezwa baada ya upepo. Hata kamba ya nguo inaonekana. Njia inashukia hapohapo, mawe kama ngazi za nyumba iliyobomolewa. Nilibonyeza breki zikapiga kelele, lakini gurudumu likaendelea na safari zake.

Nilikaa, nikala ndizi mbili. Nikarudi nilikotoka. Nikamtumia Dada ujumbe: breki. Akajibu: Sawa.

Jumatano, 19 Februari

Breki. Mipira mipya, nyaya mpya, na mikono mirefu inayotosha vidole viwili. Spoki aliniambia nizunguke kituo cha mafuta nibonyeze ya mbele kwa nguvu. Nilibonyeza. Kidogo nipitilize usukani! Alikuwa ameshakunja mikono, anangoja. Sasa unajua, akasema. Ya nyuma kwanza, ya mbele kwa adabu.

Amenibadilishia na kiti. Mungu ambariki.

Jumamosi, 22 Februari

Tangini. Breki zinashika.

Mnyororo uliruka gia mara tatu njiani. Nimerudi.

Jumatano, 26 Februari

Dada amepiga nikiwa kazini. Mama amelikata pazia la sebuleni. Si kulichana — kulikata, kwa chaki na rula, mgongo, kifua, mikono miwili. Miaka thelathini alikuwa mshonaji. Mimi na Dada tumekulia chini ya meza yake, vichwani tumejaa nyuzi. Sasa anataka kushona na mashine haitembei, mkanda ulikatika zamani. Kila asubuhi anamuulizia fundi wa cherehani. Kila asubuhi Dada anamwambia yuko njiani. Danganya toto.

Dada alikuwa anacheka anavyosimulia. Halafu akawa hacheki. Akauliza, Jumamosi vipi? Nikamweleza habari za gia. Nilimweleza kwa kirefu, meno mangapi mbele na mangapi nyuma. Nikajisikia ninavyoongea. Nikaona aibu, lakini nikamalizia.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua. Haikuwa kubwa sana.

Alhamisi, 6 Machi

Friweli mpya ya gurudumu la nyuma, ina gia moja kubwa kama sahani. Mnyororo mpya. Na shokapu ya mbele — Spoki aliitoa kwenye baiskeli iliyogongwa, akaisafisha, akaikagua kwa jicho moja kama mimi ninavyokagua kioo. Tumeelewana siku hizi. Yeye hupima kwa ukucha, mimi kwa mashine, na wote wawili hatupendi kuulizwa kama kazi inakaribia kwisha.

Dada wa mapokezi anasema bado kuiwekea mabawa. Bosi kaja korido, kaizunguka, kabonyeza shokapu mara mbili alipodhani simwoni.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimependa kitu, niandike. Kule kupanda na gia kubwa. Miguu inazunguka haraka, baiskeli inakwenda polepole, na hakuna anayekuharakisha. Mawe yanapita chini ya shokapu na mikono haiumi. Sikushuka hata mara moja mpaka tangini. Hata mara moja! Nilipiga kelele peke yangu, mbuzi wakanitazama.

Bati la buluu. Kamba ya nguo. Barazani kulikuwa na mtu amekaa kwenye kiti, ameelekea huku. Kutoka pale huwezi kujua ni nani.

Niliangalia kama nati zimekaza. Zilikuwa zimekaza. Nikarudi kwa njia nyingine, ya msitu wa mikaratusi, ili isiwe safari ya bure.

Jumamosi, 15 Machi

Tangini. Dada hakupiga, na mimi sikupiga.

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda kwa Spoki na orodha. Pedali za chuma. Usukani mpana zaidi. Pengine breki za diski.

Aliisoma. Akaishika baiskeli, akaiinua, akaiangusha chini kidogo asikilize. Haikutoa sauti. Akazungusha gurudumu, akatazama pengo la breki, akanirudishia karatasi.

"Anti, hapa sina tena cha kubadilisha. Umebaki wewe."

Nilicheka. Yeye alikuwa ameshachukua baiskeli ya mtu mwingine.

Nimerudi nyumbani nimekaa. Sasa niandike, maana humu hakuna wa kunisikia: naogopa. Si mawe. Naogopa kuingia pale Mama aniulize mimi ni nani, na niwe sina pa kugeuzia. Mara zote nimejitia hamnazo, nikasema tairi, nikasema mnyororo. Wiki sita. Jina langu lilikuwa linapungua huko na mimi nahesabu meno ya gia.

Ijumaa, 21 Machi

Nimepunguza upepo.

Jumamosi, 22 Machi. Kwa Dada, saa nane mchana

Naandika nimekaa kwenye ndoo, nyuma ya jiko. Nina dakika chache.

Tangini sikusimama. Nilijua nikisimama nitakagua nati. Ya nyuma kwanza, ya mbele kwa adabu. Mawe ya juu yalinigonganisha meno, ya katikati sikuyaona, chini kuna mfereji niliuruka bila kutaka. Nimeanguka mara moja, taratibu, kwenye nyasi. Goti limechubuka. Baiskeli haina neno. Dakika kumi na tano, basi! Mlima wote huo ulikuwa wa dakika kumi na tano.

Mama alikuwa barazani, kwenye kiti, ameelekea mlimani. Amepungua. Kilemba chake kimefungwa vizuri, gauni la kutokea. Nilishuka, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikamwamkia. Mikono yangu ilikuwa imejaa grisi kwa sababu mnyororo ulitoka nilipoanguka. Akaitazama mikono. Akautazama mkoba, na spana iliyochomoza.

"Marahaba, fundi. Umechelewa."

Dada alitokea mlangoni, akafungua mdomo. Nikamkonyeza aache. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu Mama hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Agosti alinitazama kwa kuhangaika, kama mtu aliyesahau sufuria jikoni. Leo alijua hasa mimi ni nani na nimefuata nini.

Nikasema, nisamehe Mama, njia ilikuwa mbaya. Akasema mafundi wote mnasema hivyo.

Akanishika mkono, akanipeleka chumbani. Mashine ileile, meza ileile. Upande wa chini bado kuna alama ya kisu niliyochora nilipokuwa na miaka saba, nikachapwa. Mkanda umekatika kweli. Nilifikiria. Nikatoa tyubu ya zamani, nikakata ukanda mwembamba, mzunguko mzima, nikauvisha kwenye magurudumu mawili ya mashine. Ulilegea. Nikakata mwingine mfupi zaidi nikaufunga fundo. Mama alisimama juu yangu muda wote, na nilipotaka kukaza zaidi akanigusa bega: utakatika. Alikuwa sahihi.

Akakaa. Akaweka mguu. Ikatembea! Sauti ile. Dada aliyekuwa mlangoni akageuka akaenda jikoni, nikamsikia anafungua bomba bila kuosha kitu.

Mama alishona bila kutazama vidole. Lile pazia, maua ya kahawia. Nikauliza ni nguo ya nani, kama fundi yeyote anavyoweza kuuliza.

Ya binti yangu mdogo, akasema. Anakuja leo. Kila Jumamosi anakuja.

Nikauliza, kila Jumamosi?

"Anapitia mlimani. Siku hizi ana baiskeli, dada yake kaniambia. Mimi nakaa pale nje namngoja." Akakata uzi kwa meno. "Ukirudi njia hiyo ukikutana naye, mwambie ashuke polepole. Yule toka mdogo hajui kushika breki."

Nikasema nitamwambia.

Nimetoka kunawa grisi, nimekuja kukaa hapa. Goti sasa ndipo linauma. Dada amekuja akasimama karibu yangu, ananinong'oneza nimwambie, eti pengine nikisema mwenyewe kwa mdomo wangu atakumbuka. Na asipokumbuka? Nimemuuliza Dada hivyo. Amenifuta tope shingoni kwa kona ya kanga yake, kama zamani, akarudi kwenye jiko lake.

Wiki sita aliningoja barazani, na mimi tangini namwona. Hilo sina fundi wa kunitengenezea.

Gauni bado halina mikono. Nilipokuwa natoka Mama alikuwa ametoa utepe, ananipima kwa macho, anasema binti yake ana mabega kama yangu, kama sina haraka nisimame apimie kwangu, mwenyewe akifika alikute limekwisha. Amepima bega moja. Nilisimama wima kama alivyotufundisha. Vidole vyake vilikuwa baridi, vikakaa pale shingoni muda mrefu kidogo kuliko kipimo kinavyotaka.

Ananiita. Fundi, bega la pili! — Nimeitika abee, Mama. Nakwenda